Fataki Mbili za Alhamisi

Ghala la Baruti,
Machimboni, nyuma ya Chiwata, Masasi
12 Februari 2023

Mdogo wangu Winfrida, Mama Claudia,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, naiitikia kabla haijafika. Habari za Newala? Habari za shuleni kwenu, na ukungu, na foleni ya maji? Claudia anasoma? Mimi mzima. Mama akikuuliza kama nimekonda, mwambie hapana.

Nimeanza kazi tangu tarehe moja. Uliposikia mtunza ghala ulidhani ni kama lile ghala la saruji nililokuwa nalo wakati wa ujenzi wa barabara. Hili ni la baruti. Kampuni inapasua mawe ya kokoto, na kinachopasulia lazima kikae mahali pake. Kuna baruti yenyewe, na kuna fataki, kidude chembamba kama kalamu chenye nyaya mbili, ndicho kinachoiamsha baruti. Havilali nyumba moja. Baruti ina nyumba yake, fataki zina yake, katikati kuna tuta la udongo refu kunipita.

Ndani haiingii simu, wala kiberiti, wala kiatu chenye misumari. Nyasi za pembeni nazifyeka mwenyewe kila wiki, moto ukipita porini usije ukasogea. Mlango una kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao mlipuaji wetu, anaitwa Awadhi, mtu wa Lindi, na hakuna anayeingia peke yake. Kinachotoka kinaandikwa daftarini: siku, saa, idadi, nani kachukua, kwa mashimo mangapi. Kinachorudi kinaandikwa vilevile. Jioni nahesabu, nasaini. Mwalimu wetu wa kozi alikuwa akirudia neno moja mpaka tukachoka, kwamba ukihesabu kwa kuambiwa, hujahesabu.

Sheria inataka ghala liwe mbali na watu, na mtunza ghala awe karibu na ghala. Kwa hiyo nami niko mbali na watu. Kambi ya wenzangu iko ng'ambo ya kilima. Tangu wifi yako Loyce afariki nilizoea nyumba isiyo na sauti, lakini ile ilikuwa na majirani.

Simu naiacha getini kwa mlinzi, Sultani, na hata nikiichukua mtandao mpaka niende Nanganga. Ndiyo maana naandika. Halafu Mama kwenye simu hasikii, anaitikia "eeh" kwa kila kitu. Barua utamsomea, na asiposikia utarudia. Dereva wa lori ataiacha ofisi ya basi Masasi.

Nawakumbuka wote mliomo humo ndani.

Kaka yako,
Cuthbert

*

Newala
5 Machi 2023

Kaka Cuthbert,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Claudia amekuwa wa saba darasani na anatembea kama waziri. Mvua ya juzi imejaza kisima cha nyuma, kwa hiyo wiki hii hatuendi bondeni. Shuleni tumeletewa mwalimu mkuu mpya kutoka Mbeya, Mwalimu Ambakisye, amefika na koti moja jepesi, sasa anafundisha amejifunga kitenge cha mkewe shingoni.

Barua yako nimemsomea Mama mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia nisome polepole. Mara ya pili akaniambia nirudie pale penye kufuli mbili. Mara ya tatu akauliza, "Analala na nani karibu?" Nikamwambia yuko mlinzi. "Mlinzi wa getini, au wa karibu naye?" Nikasema wa karibu. Sasa ukiandika usinikanushe.

Miguu yake imevimba kidogo. Ni uzee tu, usihangaike. Anakula. Anasema likizo yako ya kwanza uje, hata siku mbili.

Barua ziendelee. Anaiweka chini ya mto na asubuhi anaiomba kama anaomba miwani.

Mdogo wako,
Winfrida

*

Machimboni, Chiwata
16 Aprili 2023

Mama Claudia,

Marahaba, na pole na kazi. Mwambie Claudia wa saba ni wa saba, lakini kuna sita mbele yake. Mwambie Mama nimesikia salamu zake, na kwamba mlinzi yuko karibu sana, nikikohoa anasikia. (Hiyo ya mlinzi ni yako, nimekubebea.)

Hapa kumekucha vilevile. Siku za kulipua ndizo siku zenye watu. King'ora kinalia, wote wanasogea, mlima unaguna, vumbi linapanda, halafu kila mtu anapata la kusema. Siku nyingine nakaa na boksi zangu. Nazipanga lebo zikitazama mlango, mbali na ukuta, juu ya mbao, lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Asubuhi nasoma kipimajoto na kuandika. Kuna siku nimesoma kipimajoto kwa sauti, nisikie mtu akiongea.

Chini ya mlima wako wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo, kumi na saba. Mlipuko ukiisha wanaruhusiwa kukusanya yale madogo yaliyobaki chini ya ukuta wa mwamba, wanakaa palepale wanaponda. Mmoja anaitwa Isabela, wa Chiwata hapo hapo. Nikipita njia ya juu ananipigia kelele, "Baba wa ghala, umeamkaje?" Nami naitikia kutoka huko huko. Siruhusiwi kuwasogelea nikiwa na mzigo, na nisipokuwa na mzigo sina sababu ya kushuka. Salamu hiyo moja inanitosha mpaka jioni.

Awadhi ni fundi, sina la kumsema. Ila ana haraka. Analeta karatasi ya mashimo baadaye, anasema, "Mzee, nitakuandikia kesho." Namwambia basi na ghala litafunguliwa kesho. Amenizoea, anacheka.

Likizo yangu wameiweka tarehe kumi na nne Juni. Mwambie Mama ahesabu kuanzia hapo.

Ni mimi,
Cuthbert

*

Newala
14 Mei 2023

Kaka,

Shikamoo. Tuko salama. Mjomba Alphonce anakusalimu, amekuja kumwona Mama mara mbili wiki hii.

Naandika kifupi, mitihani imenibana. Likizo yako ni tarehe kumi na nne kweli? Hawawezi kukupa ya mapema? Waulize tu. Kama haiwezekani basi.

Mama kwa sasa anashinda ndani, baridi imeanza. Barua yako ameisikia. Kwenye Isabela alicheka.

Waulize.

Winfrida

*

Machimboni, Chiwata
11 Juni 2023, Jumapili

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini mmeamka vizuri wote. Mwambie Mama nimepokea salamu, na kwamba nimekula samaki leo.

Likizo nilimwomba meneja mapema, akasema kumi na nne ni kumi na nne. Sasa hata hiyo sijui. Hili usimsomee Mama.

Alhamisi tumelipua. Nilitoa fataki arobaini, Awadhi akasaini. Jioni zikarudi mbili. Karatasi ya mashimo inasema thelathini na sita. Thelathini na sita na mbili ni thelathini na nane. Fataki mbili hazipo.

Nilimwita. Akasema, "Mzee, mashimo mawili yalikuwa marefu, tuliweka mbilimbili. Andika zimetumika thelathini na nane, tufunge."

Nikamuuliza ni mashimo yapi.

"Yale marefu."

"Namba zake, Awadhi."

Akaangalia pembeni. Hapo nikajua kwamba siku ile hakuwepo kwenye mwamba. Alipokea mzigo, akamwachia Selestini, msaidizi wake ambaye hana cheti, na yeye akaenda zake Masasi. Nilimfuata Selestini kambini, akasema hajui, kila kitu kililipuka. Lakini aliitikia kabla sijamaliza kuuliza.

Sikuandika thelathini na nane. Niliandika mbili hazijulikani zilipo, nikaweka saa na saini. Ijumaa asubuhi nimesimamisha kazi kwenye ule ukuta na kufunga kamba nyekundu. Kama zimeibwa ni balaa, na kama zimo ndani ya mawe ni balaa kubwa zaidi. Nimetuma taarifa kwa mkaguzi wa baruti Mtwara, anasema atafika Jumanne. Meneja hanisemeshi. Awadhi amesimamishwa, ufunguo wake kaushika meneja. Wale wanawake kazi yao imesimama kwa ajili yangu, na jana nilipopita njia ya juu hakuna aliyeniita.

Nitawajulisha.

Cuthbert

*

Newala
22 Juni 2023

Kaka Cuthbert,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi na moja imenikuta na watu wa msiba bado wamelala barazani. Siku zote naanza na habari za nyumbani. Leo habari ya nyumbani ni moja na umeshaijua.

Mama alizidiwa usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Jumatatu saa sita mchana nilipiga ile namba ya dharura uliyotuachia, ya simu ya mezani ya getini. Alipokea mlinzi, nikamwambia, "Mwambie mama yake mzazi amezidiwa, aje leo hii." Akasema, "Nimeandika, dada, namfikishia sasa hivi." Tukakungoja jioni. Tukakungoja Jumanne. Mama alifariki Jumanne saa nane mchana. Tulizika Jumatano saa nne, tukiwa tumesogeza kutoka saa tatu kwa ajili yako. Mjomba Alphonce alisimama barabarani mpaka basi la kwanza lilipopita.

Watu waliuliza. Nimewaambia ujumbe haukukufikia, kwamba mlinzi alilala nao. Mjomba amekasirika sana na huyo Sultani, amesema ataiandikia kampuni. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nimemtamkia maneno mabaya mtu nisiyemjua.

Ulipopiga Ijumaa kutoka Nanganga nilikwambia Mama tumeshamzika, nikasikia upepo na wewe ukipumua. Halafu ikakata. Hukupiga tena. Hata matanga hukuja. Kwa nini, Kaka?

Winfrida

*

Machimboni, Chiwata
9 Julai 2023

Mdogo wangu Winfrida,

Marahaba. Pole sana, na pole kwa kubeba yote peke yako. Mfikishie Mjomba shukrani zangu, na majirani, na walioimba kanisani.

Hapa kulikuwa na uchunguzi na wote tulitakiwa kuwepo. Mambo ya ujumbe yalikwenda vibaya. Nitaeleza nikipata nafasi.

Ghala limefunguliwa tena. Kuna baridi asubuhi, nyuzi kumi na tano.

Cuthbert

*

Machimboni, Chiwata
20 Agosti 2023

Winfrida,

Hujaniandikia tangu Juni na sikulaumu. Barua yangu ya mwisho haikuwa barua. Salamu zote ninazo, lakini leo naomba uniruhusu nianze na jambo lenyewe, maana nimeanza na salamu kwenye karatasi tatu na zote nimezichana.

Ujumbe wako niliupata.

Wiki iliyopita barua ya Mjomba imefika ofisini. Sultani aliitwa ajieleze, aonyeshe kwa nini asifukuzwe. Ana miaka kumi na moja kwenye lile geti. Alisimama mbele ya meneja mpya na kofia mkononi, akaniangalia mara moja tu. Nikaomba daftari la geti lifunguliwe. Limeandikwa: Jumatatu, tarehe kumi na mbili, saa sita na dakika kumi, ujumbe kwa mtunza ghala, mama mzazi amezidiwa, aje leo. Chini yake, saa sita na nusu, nimepokea. Na saini yangu. Alipanda mlima kwa miguu kuniletea, Winfrida. Alikuwa anahema. Alinishika bega. Tafadhali yale maneno uliyomtamkia uyafute kwa namna utakayoijua.

Sasa nikueleze siku ile.

Nilishuka mbio ofisini. Meneja yule wa zamani alikuwa amekaa na lile daftari la baruti mbele yake. Nikamwambia. Akasema, "Pole sana, mzee wangu. Gari lipo, dereva yupo, saa tisa utakuwa Newala. Acha ufunguo na daftari hapa mezani."

Nikamuuliza, "Na ule ukuta?"

Akasema, "Kesho saa moja tunaendelea na kazi. Awadhi nitamrudisha, atajaza ule mstari, wewe utakuwa na udhuru wa haki, hakuna atakayekuuliza."

"Na mkaguzi?"

"Tutampigia asijisumbue."

Hakuwa mkali. Nadhani angekuwa mkali ningeondoka. Alikuwa ananihurumia kweli, na mawe yake yalikuwa yanangojwa na wajenzi wa barabara.

Nilitoka nje. Gari lilikuwa linaunguruma, mlango wa mbele umeachwa wazi. Nilishuka kwanza kwa wale wanawake waliokuwa wamekaa kwenye kivuli wakisubiri kuruhusiwa, nikamwambia Isabela, "Kesho msikae pale, hata mkiambiwa." Akanijibu, "Baba, tukiambiwa tukae tutakaa. Tusipokaa sisi watakaa wengine." Alisema kwa upole tu, kama mtu anayekuelekeza njia.

Nikarudi ghalani. Nikakaa mlangoni na ufunguo wangu na daftari nililolichukua pale mezani. Bila daftari na saini yangu hakuna wa kuiondoa ile kamba nyekundu. Nililisikia gari likizimwa.

Sijui kukueleza usiku ule na sitajaribu. Jumanne saa nne mkaguzi alifika. Alisoma ule mstari wangu mara mbili, akamwita Selestini, akamkalisha chini, akamwambia, "Hapa hakuna polisi, kuna watu watakaokufa. Sema." Selestini akalia. Akasema alichoronga mashimo mawili ya ziada, chini kabisa pembeni, hayakuwemo kwenye karatasi. Akaweka baruti, akaweka fataki. Wakati wa kuunga nyaya akasahau, au nyaya zilikatika, mwenyewe hajui. Mlipuko wa yale mengine ukayafunika kwa mawe. Aliogopa kusema kwa sababu hana cheti.

Waliyatafuta kwa mikono, jiwe baada ya jiwe. Waliyapata saa tisa. Mashimo mawili, na baruti yote ndani yake, na fataki zote mbili. Juu ya lile la pili palikuwa na jiwe bapa la kuegemea na kipande cha kanga kimefungwa kwenye nyundo. Ni mahali wanapokaa.

Saa tisa. Wewe umeniandikia kwamba Mama alikwenda saa nane.

Jumatano walizilipua zile fataki mbili na baruti yake mbali na watu, nikasaini. Wakaniruhusu mchana. Nilifika stendi ya Masasi na begi langu. Kondakta wa basi la Newala alinifahamu, akashuka, akanipa mkono, akasema, "Pole, kaka. Tumetoka kumzika asubuhi." Basi lilikuwa linaondoka. Watu wakasogea wanipishe nipande.

Sikupanda. Nilijua mtakuwa mmekaa mkekani, na mtaniuliza ujumbe ulinifikia saa ngapi, na kwamba nitasema kweli. Nikarudi Chiwata kwa miguu na kwa lori la mkaa. Hili halina udhuru wowote. La Jumatatu ninaweza kulisimamia, nimelipima kila siku tangu hapo na siku nyingine linasimama, siku nyingine halisimami. La Jumatano lilikuwa woga.

Wengine hapa wananiita shujaa. Meneja amehamishwa, Awadhi amenyang'anywa cheti. Nikisikia neno hilo naondoka, naenda kusoma kipimajoto.

Mwambie Mjomba. Msomee yote, usiruke.

Cuthbert

*

Newala
29 Oktoba 2023

Kaka Cuthbert,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma siku ileile. Nikaifunga nikaiweka ndani ya daftari la mahudhurio la darasa la tano, na kila asubuhi nilipoita majina niliiona. Sikutaka kukujibu. Nilikuwa na hasira ya kukosa pa kuitua, maana ningekuwa na hakika umekosea ningekutukana nikalala, na ningekuwa na hakika hukukosea ningelia nikalala.

Wiki ya pili ya Septemba nilirudi kutoka shule nikawakuta wanawake watatu wamekaa barazani, vumbi la basi mpaka kwenye kope. Wamekuja na kapu la ming'oko waliyochimba porini, na unga. Nikadhani wamepotea nyumba. Mmoja akasimama, akasema, "Sisi tunatoka Chiwata, machimboni. Tumekuja kuhani. Tumechelewa, tulikuwa hatujui kwamba kuna msiba." Mlinzi Sultani ndiye aliyewaambia. Akasema anaitwa Isabela.

Niliwakaribisha. Tukapika ming'oko, tukala. Hawakukusifia, hawakusema lolote kubwa. Isabela aliomba nimwonyeshe picha ya Mama, akaishika muda mrefu. Nikamuuliza, nadhani kwa ubaya, moyo wangu ulikuwa mbaya, nikamuuliza, "Na wewe mama yako yupo?"

Akasema, "Yupo. Anaponda na mimi. Anakaa kushoto kwangu."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba.

Sasa na mimi nina langu. Ile miguu ya Mama haikuwa uzee. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu daktari alituambia ni moyo, kwamba hautafika Krismasi, pengine hata Julai. Nilijua nilipokuandikia miguu imevimba kidogo. Nilijua nilipokuuliza likizo. Mama alinikataza: "Ukimwambia ataacha kazi, na tangu mkewe afe hiyo kazi ndiyo inayomwamsha asubuhi." Nikamtii. Ningekuandikia kweli Aprili ungekuja Aprili, mngekaa wiki nzima mkizungumza. Nimekuwa nikikuuliza kwa nini hukuja, na muda wote nimelikalia hili.

Na kuna la Jumanne. Kama saa saba alifumbua macho, akauliza, "Cuthbert amefika?" Nikasema, "Amefika, Mama. Ameshuka stendi, anakuja kwa miguu." Akasema, "Basi afunguliwe mlango." Nikaenda nikaufungua. Ulikaa wazi mpaka mwisho, na baridi yote ile. Sijui kama nilifanya vizuri. Wewe usingesema hivyo, nakujua, ungesema hajafika.

Mjomba Alphonce nilimsomea Jumapili iliyopita, yote, sikuruka. Alisikiliza akiwa ameinama. Nilipomaliza nilidhani atatoa ukali. Akauliza, "Wale wanawake ni wangapi?" Nikasema kumi na saba. Nikaenda kuweka chai jikoni, niliporudi akauliza tena, "Umesema wangapi?" Nikasema kumi na saba, Mjomba. Akanywa chai, akachukua fimbo yake, na mlangoni akaniambia nimpe anwani ya huyo Sultani, kuna barua anataka kumwandikia yeye mwenyewe.

Njoo, Kaka. Usije na maelezo, nimeshayasoma. Mimi bado nina hasira, na kuna siku nitakuwa nayo wewe ukiwa umekaa mezani kwangu unakula, utaniona uso umebadilika na sitasema kwa nini. Na wewe utakuwa na yako juu yangu, sasa unayo haki. Njoo hivyohivyo.

Mdogo wako,
Winfrida